Metroni Aliyekataa Kuwa Mgonjwa

Ukitaka kumjua Metroni, ilikubidi uwe nje ya kanisa letu Jumapili baada ya ibada, pale watu wanaposalimiana na kuulizana habari za mahindi. Yeye alitoka na Biblia mkono mmoja na mashine ya kupima presha mkono wa pili, na mtu wa kwanza kukutana naye ndiye aliyefungwa ule mkanda. Hakuomba ruhusa. Alikukunjia mkono wa shati huku akiendelea kuzungumza na mtu mwingine habari za kwaya, akajaza upepo mpaka vidole vikawa vizito, kisha akasoma namba kwa sauti iliyomfikia mchungaji mlangoni.

"Wewe Mwalimu, presha yako iko juu. Ni chumvi ama ni bibi?"

"Ni wewe, Metroni," nilimjibu siku moja. "Ilikuwa chini kabla sijakuona."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Aliniambia nipunguze chumvi, nitembee, niache kukasirikia watoto wa watu, na nirudi Jumapili ijayo. Shemasi aliyekuwa nyuma yangu alijaribu kupitia upande wa vyoo ili amkwepe, lakini alinaswa kabla hajafika getini.

Namwita Metroni kwa sababu hakuna aliyemwita kwa jina lingine. Alikuwa muuguzi mkuu katika hospitali moja hapa Kitale, na alipostaafu, cheo kilibaki naye kama vile watu wengine wanavyobaki na saa ya ukutani waliyopewa siku ya kuagwa. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya upili. Tulikuwa majirani kwenye barabara ya kwenda Endebess, ua kwa ua, karibu kiasi kwamba ng'ombe wake akikohoa nilijua kabla yake.

Aliamini kwamba dunia ina watu wa aina mbili: wagonjwa, na Metroni. Wauguzi waliofunzwa naye wanasimulia kwamba akiingia wodini asubuhi, mtu aliyekuwa akiguna aliacha kuguna, na aliyekuwa amelala upande alijiweka chali mwenyewe. Mgonjwa akilia, alimsimamia kitandani na kumuuliza kwa upole wa kutisha: "Hicho kilio umeandikiwa na daktari gani? Kama kinasaidia, niambie niwape na wengine." Lakini siku asipokuwapo, wagonjwa haohao waliulizana yuko wapi. Walimwogopa kama mtu anavyoogopa breki kali: hutaki kukanyagiwa, ila hutaki gari lisilo nazo.

Na alikuwa na wema ambao aliuficha kama wengine wanavyoficha pombe. Siku moja nilikuwa napita Kipsongo, ule mtaa wa mabati na matope ambako watu wa mjini hupita wakiwa wameshika mifuko, nikamkuta anatoka kwenye kibanda cha mzee mmoja mwenye vidonda vya miguu. Mkononi alikuwa na beseni na bandeji chafu.

"Metroni, unafanya nini huku?"

"Nimekuja kununua makaa."

"Na makaa yenyewe yako wapi?"

"Yameisha," alisema, akanipita.

Baadaye majirani wa yule mzee waliniambia kwamba makaa hayo yalikuwa yakiisha kila wiki kwa muda mrefu.

Sasa nieleze habari ya ugonjwa wake, maana bila hiyo hutaelewa yaliyofuata. Asubuhi moja nilienda kwake kuchukua maziwa, nikaingia jikoni bila kubisha, jambo ambalo majirani wa kwetu hufanya. Nilimkuta amesimama kando ya meko, amepandisha sweta, anajidunga sindano tumboni.

"Ni vitamini," alisema bila kugeuka.

"Vitamini ya nini, Metroni?"

"Ya majirani wasiobisha hodi. Maziwa yako hapo. Funga mlango."

Ilikuwa insulini. Alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu kabla ya kustaafu, na hakuna aliyejua: si kwaya, si ukoo wake kule Bungoma, si wanawake wa chama cha akiba waliokunywa chai kwake kila mwezi. Mbele yao alikunywa chai isiyo na sukari na kuwahubiria habari za kongosho mpaka mandazi yakapoa. Walipoondoka alijimiminia kikombe kingine, akatia vijiko vya sukari bila kuhesabu, akakiita chai ya kuondoa wageni. Msimu wa mahindi mabichi alitafuna hindi moja baada ya jingine. Nilipomtazama alisema, "Haya ni ya shamba langu. Sukari ya dukani haimo." Huyu ndiye mwanamke aliyewahi kumtoa machozi mzee wa miaka themanini kwa kosa la kula embe.

Goti lake la kushoto nalo lilikuwa limeharibika. Aliangushwa na bodaboda siku aliyokuwa nyuma akimfundisha mwendeshaji namna ya kukata kona. Tangu siku hiyo alipanda ngazi za kanisa ubavuubavu, kama watu wanaopitisha meza mlangoni. Ukimuuliza, alisema hajaumia, ila ngazi zimejengwa vibaya.

Mambo yalianzia palepale kanisani. Daktari mmoja kijana wa kliniki ya sukari alikuja kutangaza mashindano ambayo yangefanyika Bungoma mwezi wa nane, ya kuhamasisha watu juu ya ugonjwa huo. Ni mashindano ya michezo mitatu kwa mfululizo. Kwa msomaji ambaye hajakutana nayo: unaogelea, ukitoka majini unapanda baiskeli, ukishuka kwenye baiskeli unakimbia, na hakuna kupumzika katikati. Wengine huita triathloni. Haya ya Bungoma yalikuwa yamefupishwa ili yamfae mtu wa kawaida: kuvuka bwawa, baiskeli mpaka mjini, na mbio za kuingia katika uwanja wa shule. Kijana wa watu alieleza vizuri sana, kisha akaharibu. Alitabasamu kuelekea kiti cha mbele na kusema, "Na wazee wetu kama Metroni, msijali, tutawawekea tenti na viti."

Metroni alivua miwani.

"Kiti cha nani?" aliuliza.

Jioni ile alikuja kwangu, akasimama mlangoni. "Mwalimu, wewe unajua kuogelea?"

"Najua, Metroni."

"Mimi nataka kujua kabla ya mwezi wa nane."

Nilimweleza kwa taratibu, maana ndiyo kazi yangu, kwamba mtu mwenye goti bovu na sukari anaweza kufanya mazoezi, tena ni vizuri, lakini kwanza aonane na daktari, kisha aanze kidogokidogo. Alisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesubiri matangazo ya biashara yaishe redioni. "Sukari gani?" aliuliza.

Tulianza katika bwawa la hoteli moja hapa mjini, ambalo maji yake ni baridi kiasi kwamba wageni hulipiga picha tu. Metroni alifika na vazi la kuogelea lililoshonwa na fundi wa sare za shule. Lilikuwa la bluu, lilifika magotini, na lilikuwa na kola. Aliingia majini akiwa ameshika pua na heshima yake yote.

Wiki za kwanza aliyapiga maji kana kwamba yamevunja sheria za wodi. Nilimwambia apumulie kando.

"Nimepumua miaka yote hii bila wewe, Mwalimu."

"Ndiyo, Metroni, lakini haikuwa ndani ya maji."

Alikunywa maji mengi na hakukubali hata kikombe kimoja. Akikohoa, alisema ni dawa ya bwawa. Lakini nitasema kweli: mwanafunzi mwenye bidii kama yule sijapata tena, hata miongoni mwa vijana wanaotaka kwenda ng'ambo. Na siku moja akaelea. Nilikuwa nimemshika mgongo, nikaondoa mkono polepole, naye akabaki juu, kola yake imetandazika kama jani. Uso wake ulilegea. Sikuwa nimewahi kuuona umelegea.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo, macho juu. "Hapa goti halipo."

Tangu siku hiyo niliacha kumcheka kwa muda. Nilianza tena aliponunua viatu.

Alivipata kwenye mitumba sokoni Kitale, raba nyeupe zenye mistari ya waridi, ndogo kuliko mguu wake. Mwenye mali alimwambia, "Mama, hii itakubana." Metroni alimjibu kwamba yeye anajua namba ya mguu wake tangu akiwa chuoni. Miguu ilikuwa imenenepa tangu chuoni, lakini nani angemwambia? Alivivaa akikimbia kando ya mashamba ya mahindi, kama mtu anayekimbilia basi akiwa na mayai mfukoni, na watoto wa Endebess walimshangilia kutoka juu ya miti.

Siku moja alitoka kwenye maji ya hoteli akatembea juu ya saruji, na nyuma yake nikaona nyayo. Moja ilikuwa ya maji. Nyingine ilikuwa nyekundu.

"Metroni, unavuja damu."

"Ni rangi ya hii sakafu."

Nilimkalisha kwa nguvu. Chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia kulikuwa na kidonda kipana kama kizibo cha soda, chenye kina, kingo zake nyeupe. Hakikuwa cha jana.

"Hii inauma?"

"Haiumi hata kidogo," alijibu kwa fahari.

Hapo ndipo pa kuelewa, kwa yeyote anayesoma akiwa na sukari au na mzazi mwenye sukari. Sukari ikikaa juu muda mrefu inaua mishipa ya fahamu miguuni. Jiwe linaingia kiatuni, mtu hajui. Kiatu kinabana, mtu hajui. Kwa hiyo kidonda kisichouma si kidonda chepesi. Ndicho kibaya kuliko vyote. Haya sikuyasoma mahali. Niliyasikia kwa Metroni mwenyewe, nje ya kanisa, akimfokea shemasi.

"Wewe unajua hii mambo kuliko mimi," nilimwambia.

"Ndiyo najua. Ndiyo maana sikukuuliza."

Nilimpeleka kliniki nikimwambia kwamba asipokwenda nitasimama Jumapili wakati wa matangazo na kuomba kanisa limwombee kwa jina la ugonjwa wake. Daktari kijana aliutazama mguu kwa muda mrefu. Hakuwa na tabasamu la siku ile.

"Mama, usiukanyage huu mguu mpaka nikwambie, na usiuloweshe. Mashindano sahau. Ukikimbia na hii, tutakata. Sikutishi. Tutakata."

"Koti lako limekatika kifungo," alisema Metroni.

Njiani alianza kupatana nami kama mtu anayenunua kuku. Daktari amesema usikanyage, si ndiyo? Na ndani ya maji hakuna kukanyaga. Basi ataogelea tu. Atavuka bwawa, atatoka, atakaa kwenye gari, atafungwa bandeji safi, tutarudi Kitale. Kwamba daktari alitaja pia maji, hilo alilisahau kabisa, yeye aliyekuwa akikumbuka dozi ya kila mgonjwa wodini. Nilikataa. Nikakataa tena. Mwishowe alisema, "Nitaenda na wewe ama bila wewe," na nilijua kwamba bila mimi angekimbia. Nikaazima pikapu kwa mwalimu mwenzangu, nikaweka godoro nyuma.

"Na usiwaambie watu wa kwetu," aliniambia. "Wakisikia sukari watanizika kabla sijafa. Wataanza kunisagia chakula."

Mwezi wa nane huo ulikuwa wa mwaka wa tohara. Kwa Wabukusu wa Bungoma, watu wa ukoo wa Metroni, vijana hutahiriwa mwaka mmoja na kupumzisha mwingine, na msimu ukifika, nchi nzima ile huwa na njuga na nyimbo. Asubuhi ya siku yenyewe kijana hupelekwa mtoni, huoshwa, hupakwa matope mwili mzima, na jani la nyasi husimamishwa kichwani pake. Kisha ukoo humrudisha nyumbani ukiimba wimbo ambao hauimbwi ovyo. Tangu wimbo huo uanze, kijana hasemi, hatazami kando, hasimami. Huenda hivyo mpaka afike katika ua wa baba yake na kusimama mbele ya kisu bila kupepesa. Akisimama njiani, ukoo wake wote utatajwa kwa hilo mpaka wajukuu wazeeke.

Nilijua haya yote. Sikufikiri yananihusu.

Bwawani Bungoma tulikuta ukoo umejaa ukingoni, umekuja kumwona binti yao mstaafu anayeogelea. Kaka yake mkubwa alikuwa mbele, mzee mrefu mwenye kofia ya manyoya na filimbi ya trafiki shingoni.

"Mwalimu, huyu dada yangu kweli ataweza?" aliniuliza.

"Ataogelea tu, Mzee. Akitoka tunarudi Kitale."

"Haya. Sisi tumekuja kumshangiria," alisema kwa lafudhi ya nyumbani. "Ata kama ni kuoga tu."

Metroni alikuwa ameufunga mguu kwa karatasi za plastiki za mkate na mipira ya kufungia, juu yake soksi. Aliniambia ni mbinu ya wodini. Sijawahi kuiona wodi hiyo. Filimbi ikapigwa, washindani wakaingia, na ile kola ya bluu ikaelea nyuma ya wote, polepole, bila haraka hata kidogo. Aliogelea vizuri. Nasema hivyo kama mwalimu wake: alipumulia kando.

Upande wa pili ukingo ulikuwa wa utelezi. Alijaribu kupanda, goti likakataa, akaanguka kifudifudi kwenye matope. Akainuka, akaanguka tena, safari hii kwa kichwa. Aliposimama hatimaye, alikuwa matope kuanzia utosini mpaka miguuni, anatetemeka kwa baridi, macho yametazama mbele, na kichwani pake, wima kabisa, palikuwa na jani la nyasi ya bwawani.

Ukoo mzima ulimtazama. Sijui nani aliwaza nini. Kaka yake aliinua filimbi akaipuliza, akaishusha, na kwa sauti nzito akauanza ule wimbo.

Sidhani alikusudia. Ni kama mkono unavyokwenda wenyewe pale unapowashwa. Lakini wimbo ule ukianzishwa na mmoja, hubebwa na wote. Wanawake wakaupokea, vijana wa bodaboda wakaupokea, watu waliokuwa wakiuza miwa barabarani wakaacha miwa. Na Metroni, bibi wa wajukuu kadhaa, akaanza kutembea.

Nilikuwa nimesimama kwenye njia yake na taulo na kandambili. "Metroni, gari liko hapa," nilimwambia. Alinipita karibu kiasi cha kunipaka matope. Hakunitazama. Aliyeimbiwa hatazami kando.

Mtu alimpa baiskeli yake mwenyewe, wengine wakamkalisha juu, na karatasi za mkate zikaingizwa kwenye zile raba zenye mistari ya waridi, ambazo kumbe alikuja nazo bila kuniambia. Akaondoka akinyonga kwa mguu mmoja na nusu, ukoo ukikimbia pande zote. Nilirukia pikapu nikafuata kwa mwendo wa nyimbo. Karibu na mjini nilimfikia kaka yake, aliyekuwa akikimbia na fimbo yake, kofia imekaa upande.

"Mzee, wasimamishe," nilimwambia kupitia dirishani. "Mguu wake una kidonda kibaya."

"Kidonda ya nini?"

"Ana sukari."

"Nani ana sukari?"

"Dada yako. Miaka mingi. Daktari amesema akikanyaga watakata."

Aliacha kuimba. Waliokuwa nyuma yake hawakuacha. Alitembea kando ya gari akihema, ameshika ukingo wa dirisha.

"Mwalimu, hii kitu ungeniambia kabla ya maji," alisema. "Ningemwambia akae, na angekaa, ama ningemkalisha. Sasa nikinyamazisha hawa watu, kesho watasema dada yangu aliogopa. Unanielewa? Hawatasema sukari. Hakuna mtu anajua sukari. Watasema aliogopa."

Hata hivyo alikwenda. Pale mwanzo wa mbio, Metroni aliposhushwa kwenye baiskeli, nilimwona mzee akijipenyeza mpaka ubavuni pake.

"Dada, simama. Nimesema simama. Nitabeba hiyo maneno mimi."

Metroni alikuwa akitazama geti la shule kule mbele. Midomo yake haikusogea sana.

"Wewe imba," alisema.

Na mzee akaimba, machozi yakimtoka, akitembea upande wa ule mguu mbaya kana kwamba angeweza kuukinga na ardhi.

Alifika wa mwisho. Washindi walikuwa wameshaoga na kula, na mgeni rasmi alikuwa akitafuta njia ya kuelekea gari lake. Metroni hakuwa tena akikimbia, alikuwa akijivuta. Lakini alivuka mstari wima, na uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Kisha mtu asiye na akili akampa maikrofoni.

Mtu mwingine yeyote angeomba kiti. Metroni, akiwa na matope yaliyokauka usoni, alihutubia. Aliwaambia wenye sukari kwamba ugonjwa huo si aibu, wasiufiche kwa jamaa zao. Aliwaambia wakague miguu yao kila asubuhi, hasa katikati ya vidole, na wasivae viatu vya kubana. Aliwafokea wale wanaosubiri maumivu ndipo waende hospitali. Ilikuwa hotuba nzuri kuliko zote za siku ile, haikuwa na kosa hata moja. Nilikuwa nyuma yake. Kila alipohamisha uzito, kiatu cha kulia kilitoa sauti ya kitambaa kinachokamuliwa, na nyasi chini yake zilikuwa zimebadilika rangi.

Daktari kijana ndiye aliyemwondolea kiatu, palepale, mbele ya ukoo. Nyimbo ziliisha zenyewe.

Wazee wa ukoo walimketisha kaka yake wamhukumu kwa kumwimbia mwanamke wimbo wa vijana. Nasikia alisema wamfanye watakavyo, maana adhabu ameshaiona kwenye mguu wa dada yake. Metroni alirudishwa Kitale, katika wodi ile aliyoiongoza, akalazwa kitanda cha karibu na dirisha. Walikata kidole gumba na kile kinachofuata. Mguu wenyewe ulibaki, kwa bahati na kwa ukali wa wauguzi, ambao walikuwa wamefunzwa na mtu mkali. Siku za kulazwa alikataa wageni wote, na kaka yake, aliyesafiri kutoka Bungoma na maziwa kwenye chupa, aliambiwa mgonjwa huyo hayupo. Mzee aliacha maziwa, akaja tena wiki iliyofuata, akaambiwa vilevile, akayaacha.

Niliacha kumwona. Lango lake lilifungwa, ng'ombe akahamishiwa kwa jamaa. Kanisani watu walitoka ibadani wakisalimiana bila hofu, na nadhani hawakuifurahia sana hali hiyo, kwa sababu walikuwa wakichelewa kuondoka, kama wanaosubiri mtu.

Miezi mingi ilipita kabla sijaenda kliniki ya sukari kumpeleka mama yangu mzazi. Ni jengo la nyuma, lenye benchi refu la mbao ambapo watu hukaa kwa foleni na kusogea kiti kwa kiti. Tulipofika mwisho wa benchi, niliyekaa karibu naye alikuwa Metroni. Alikuwa na kadi mkononi, kama wengine wote. Kando yake alikaa kaka yake, kofia ya manyoya mapajani.

"Mwalimu," alisema.

"Metroni. Siku nyingi."

"Umenenepa."

Muuguzi alitoka mlangoni, msichana niliyejua alifunzwa naye, akamwona akashtuka. "Metroni, wewe huwezi kukaa hapo. Pita huku ndani."

"Mbele yangu kuna watu," alijibu.

"Lakini si wewe ni wa hapa?"

"Ndiyo maana nimekaa hapa."

Yule msichana alirudi ndani akiwa hajui afanye nini. Benchi lilisogea. Mama mmoja aliyekaa mbele yetu, mwenye kitambaa kichwani na soksi moja, alikuwa akimtazama Metroni kwa muda. Hatimaye akashindwa kuvumilia.

"Si wewe ndiye yule aliimbiwa kule Bungoma? Yule wa matope?"

Nilitazama chini. Nilimwona mzee akikunja kofia yake. Nilisubiri Metroni aseme kwamba amekosea, kwamba yeye amekuja kununua kitu, kwamba mtu huyo ni mwingine.

"Ni mimi," alisema.

"Na ulifika kweli? Huko kwetu watu wanabishana."

"Mimi nilifika," alisema Metroni. "Vidole viwili ndivyo havikufika."

Yule mama alicheka kwanza, kisha akafunga mdomo kwa mkono, kisha alipoona Metroni naye mabega yanatikisika, akacheka tena, na benchi zima likamfuata, mama yangu akiuliza wanacheka nini na mimi nikishindwa kumwambia. Kaka yake pekee hakucheka. Alikuwa ameinama, anamlegezea dada yake kamba za kiatu, kiatu kipana cheusi kilichoshonwa kwa kipimo cha mguu, na alikuwa akifanya hivyo kwa uzoefu wa mtu anayekifungua kila siku.

Jina lake lilipoitwa, aliinuka ubavuubavu, akamshika mzee begani. Muuguzi alipofungua mdomo kumwambia avue soksi, alikuwa ameshaivua.